Kabla ya Kulipia Mazoezi ya Nguvu za Miguu

Mara nyingi wazazi hutuuliza iwapo inafaa kulipa ada ya ziada ili kijana anayecheza soka apewe mazoezi ya nguvu za miguu, kwa ahadi kwamba atakimbia kasi na kuruka juu zaidi. Ahadi hiyo haikosi msingi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wachezaji 17 wa kiwango cha kimataifa walipimwa nchini Norway. Walioweza kuchuchumaa na kuinuka na uzito mkubwa mabegani ndio walioelekea kuwa wepesi katika mita 10 za kwanza, na waliruka juu zaidi. Katika mita 30 uhusiano huo ulipungua. Mwanzoni mwa mbio, mguu hukaa chini kwa muda wa kutosha kuisukuma ardhi. Kasi ikishapanda, unyayo hugusa chini kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde tu.

Hata hivyo, hao walikuwa watu wazima. Kijana anayebalehe huongezeka misuli hata asipolipiwa chochote. Akipimwa Januari na kupimwa tena Desemba, yaelekea atakuwa amepata kasi kwa sababu amekua. Kwa hiyo jedwali la "kabla na baada" linalotundikwa ukutani halithibitishi kitu. Mwenye kituo na aulizwe: vijana wa umri na kimo hicho wasiohudhuria kwake wameongezeka kiasi gani? Tunaliona swali hili kuwa na thamani kuliko picha zote za matangazo.

Aidha, nguvu hupimwa kwa kulinganishwa na uzito wa mwili. Kijana wa kilo 75 anayeinua kilo 60 asidhaniwe kumshinda wa kilo 50 anayeinua kilo 50, kwa kuwa kila mmoja huubeba mwili wake mwenyewe anaporuka.

Yapo pia mazoezi yasiyolipiwa. Programu ya FIFA iitwayo "11+", kwa wachezaji wa miaka 14 na zaidi, huchukua dakika 20 hivi kabla ya mazoezi ya kawaida, bila mashine yoyote. Ilitungwa hasa kupunguza majeraha, lakini ndani yake mna mazoezi ya miguu, kuruka na kukimbia.

Mzazi akiamua kulipa, adai mkataba wa maandishi unaotaja sifa za mkufunzi, idadi ya vijana anaowasimamia kwa wakati mmoja, na utaratibu wa kurudishiwa fedha mtoto akiumia. Unga wa kujenga misuli unaouzwa papo hapo si sehemu ya ada, wala hapaswi kulazimishwa kuununua.