Mdogo Wangu, Usianze na Programu

Haya, mdogo wangu muuguzi, ujumbe wako nimeusoma. Wodi umeizoea, kompyuta unaipenda, na sasa unataka kusomea infomatiki ya afya mpaka uwe mhadhiri wa mambo ya usalama wa mgonjwa. Shangazi yako anasema unaacha kazi ya uhakika ukakimbize mambo ya Wazungu. Mwambie shangazi kwamba OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika katika nchi nyingi, ulianzishwa mwaka 2004 na mizizi yake iko Eldoret, kwenye ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani. Na ile DHIS2 inayopokea takwimu zenu za MTUHA, yaani taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ila chimbuko lake ni Afrika Kusini.

Kinachonitia wasiwasi ni hilo wazo lako la kutengeneza programu ya simu ya kukumbusha dozi. Waombaji wa uzamili wengi huja na programu mkononi. Hukosi mtu wa kuitengeneza. Anayekosekana ni wa kuuliza: mfumo ukishaingia wodini, unazuia makosa gani, na unazaa yapi mapya?

Mwaka 1999 taasisi ya tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyokadiria kuwa wagonjwa 44,000 hadi 98,000 walikuwa wakifa kila mwaka katika hospitali za huko kwa makosa ya kitabibu yaliyoweza kuzuilika. Kompyuta ikaonekana ndiyo dawa. Kisha mwaka 2005 Ross Koppel na wenzake wakachapisha uchunguzi wa hospitali moja ya kufundishia: mfumo wa kuagizia dawa kwa kompyuta ulikuwa ukichangia aina 22 za hatari za makosa ya dawa. Orodha ya dawa za mgonjwa mmoja ilitawanyika kwenye skrini kadhaa, na ilikuwa rahisi kumbofya mgonjwa asiye wako. Koppel si daktari wala mtaalamu wa kompyuta, ni mwanasosholojia! Alichofanya ni kuwahoji na kuwatazama watu wakiwa kazini.

Hapo ndipo wewe una mtaji. Unamjua anayeandika vipimo kwenye kikaratasi na kuviingiza vyote mwisho wa zamu, saa zikiwa za kubuni. Unamjua anayetumia nywila ya mwenzake kwa sababu yake imefungwa na mtu wa TEHAMA yuko likizo. Unajua umeme ukikatika, karatasi zinazojazwa usiku ule nani huziingiza asubuhi, kama yupo. Kila kimoja hapo ni utafiti kamili wa uzamili, na hakuna mwanafunzi wa kompyuta anayeviona kama unavyoviona wewe. Chagua kimoja tu.

Chuoni tafuta wasimamizi wawili, mmoja wa afya na mmoja wa kompyuta, maana kila upande utakuona mtoto wa upande wa pili. Takwimu usizikwepe. Kibali cha maadili omba mapema, kinachelewa kuliko unavyodhani. Na tangu Tanzania ipate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, picha za mafaili ya wagonjwa kwenye simu yako ni kesi inayokusubiri. Kazi usiache, omba ruhusa ya masomo. Utajiri? Mdogo wangu, uhadhiri haujawahi kuwa njia hiyo.

Moja gumu zaidi. Siku utakayorudi wodini na daftari kuchunguza makosa, wenzako watakuona mpelelezi wa mganga mfawidhi. Kaa nao kabla hujaanza. Waeleze kwamba unachunguza jinsi kazi inavyopangwa, kwamba majina huandiki, na waoneshe fomu utakayojaza, jinsi isivyo na sehemu ya jina. Ukiona uongozi unataka kuyapata majina kupitia kwako, badilisha hospitali.