Kipindupindu na kichocho: maji yaleyale, wadudu wasiofanana

Kila masika yakianza, maswali ya wasomaji hujaa habari za maji. Safari hii nimeyachagua yanayohusu maradhi mawili, moja la bakteria na jingine la minyoo. Nimeyaweka pamoja makusudi. Miaka yote niliyofanya kazi wodini na maabara Kanda ya Ziwa nimeona watu wakiyatibu yote mawili kwa mazoea mamoja: kapsuli za rangi mbili kutoka duka la dawa.

Daktari, bakteria na vimelea si wote ni wadudu tu? Tofauti iko wapi?

Kwa lugha ya nyumbani wote ni wadudu, na sina ugomvi na neno hilo. Ila bakteria ni kiumbe wa seli moja anayejigawa mwenyewe. Akipata mahali panapomfaa, nusu saa haipiti kabla hajawa wawili, kwa hiyo walioingia asubuhi wanakuwa mamilioni jioni. Vimelea ni kundi pana zaidi. Wapo wa seli moja, kama wa malaria na amiba, na ipo minyoo yenye misuli, mdomo na viungo vya uzazi. Mnyoo wa kichocho ana urefu wa sentimita 1 hadi 2, tena haongezeki ndani ya mwili wako. Ulio nao ni wale tu waliopenya ngozi yako. Unaongeza wengine kila unaporudi majini.

Kipindupindu kinammalizaje mtu mzima mwenye afya kwa siku moja?

Wengi hudhani bakteria wanatafuna utumbo. Hawatafuni. Hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kumwaga sumu. Sumu hiyo huingia kwenye seli na kuzilazimisha zitoe chumvi mfululizo, na chumvi ikitoka, maji huifuata. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa. Choo chake hakina tena sura ya choo. Ni kama maji yaliyooshewa mchele. Macho yameingia ndani, sauti imekauka, na ukifinya ngozi ya tumbo kisha ukaiachia, inabaki imesimama kama pindo la kanga. Anayekufa amekufa kwa kuishiwa maji. Wasipotibiwa, karibu nusu ya waliozidiwa hupoteza maisha. Wakirudishiwa maji mapema, hufa chini ya mmoja katika 100.

Bibi yangu alisema anayeharisha asinywe kitu, utumbo upumzike. Nyinyi mnasema anywe maji ya chumvi na sukari. Tumsikilize nani?

Bibi alikuwa na nia njema, lakini hapa tusimfuate. Sumu ya kipindupindu haiufungi mlango ambao sukari na chumvi hupitia pamoja kuingia mwilini. Vikipita hivyo viwili, maji nayo yanapita. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na chumvi peke yake haitoshi. Pakiti ya ORS ndiyo bora. Ukiikosa, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, si vya kulundika. Mnyweshe kidogo kidogo, hata kama anatapika, huku mkielekea kituoni. Aliyelegea hadi hawezi kunywa anahitaji dripu mara moja. Antibiotiki huwasaidia waliozidiwa kwa kufupisha kuhara, lakini haichukui nafasi ya maji.

Nimekulia Ukerewe, nimeoga ziwani tangu utoto na sijawahi kuumwa. Hicho kichocho kinaingilia wapi?

Kinaingilia kwenye ngozi nzima, isiyo na jeraha. Yai la mnyoo hutoka na choo au mkojo wa mtu. Likifika kwenye maji baridi huanguliwa, na kinachotoka humtafuta konokono. Ndani ya konokono mmoja huzaliwa maelfu ya vijidudu vyenye mkia, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutoka kwa wingi mchana jua likiwa kali, saa zilezile watoto wanapopenda kuogelea. Huhitaji dakika chache tu kupenya. Kisha husafiri na damu, hupita mapafuni, hukomaa kwenye mishipa ya ini. Dume ana mfereji mwilini na jike huishi humo. Wawili hao hukaa mishipani kwa kawaida miaka 3 hadi 10, wakiwa wamejivika chembe za damu yetu, hivyo kinga ya mwili haiwatambui vizuri.

Sasa hilo la kutokuumwa. Mnyoo mwenyewe hana madhara makubwa. Yanayoumiza ni mayai. Jike hutaga kila siku, na mengi hayapati njia ya kutoka. Hunasa kwenye ini, utumbo au kibofu, mwili unayazungushia uvimbe, na uvimbe unaacha kovu. Miaka inapita. Siku moja mtu tumbo limejaa maji au anatapika damu, naye anasema hajawahi kuumwa. Naomba upimwe.

Huku Unguja je, na tukioga baharini?

Kichocho hakiambukizi kwenye maji ya chumvi. Konokono wake ni wa maji baridi. Hatari iko mabondeni, kwenye vijito na madimbwi. Cha Visiwani na pwani ni kile cha kibofu, chenye damu mwishoni mwa mkojo. Kuna mahali wavulana huambiwa damu hiyo ni dalili ya kupevuka. Si kweli, ni ugonjwa. Mkojo wa kupima utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwani ndipo mayai hutoka kwa wingi. Chini ya hadubini yai hilo lina mwiba mkali nchani. Ukiuona mwiba ule mara moja, hutashangaa tena damu inatoka wapi.

Mwanangu alimezeshwa dawa shuleni. Mbona kapatikana nacho tena?

Dawa hiyo, prazikwanteli, huua minyoo waliokomaa, wachanga humponyoka. Pia haizuii maambukizi mapya, na mtoto alirudi ziwani. Ameze kila zoezi linapokuja, akiwa amekula. Nyumbani, maji ya kuoga yakitulia kwenye pipa siku 2 bila konokono, vijidudu hivyo hufa. Ila kwa kipindupindu kuyatuliza maji hakusaidii. Hayo ya kunywa chemsha au tia dawa.

Nina maumivu na damu baada ya tendo la ndoa. Nimetibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu, sijapona. Mume wangu amenishuku.

Pole sana, dada yangu. Mayai ya kichocho cha kibofu hunasa pia kwenye mlango wa kizazi na ukeni, na dalili zake hufanana na za zinaa. Wanawake wengi wamebeba aibu isiyo yao kwa ajili ya mto walioogea wakiwa watoto. Rudi kituoni, na kabla hujaandikiwa dawa nyingine, mwambie mhudumu ulikulia wapi na ulikuwa unateka na kufulia maji gani. Omba upimwe kichocho.