Injini ya Dizeli Inapokataa Kuwaka Baharini

Mafunzo kwa manahodha na mabaharia wa visiwa vya Lamu

Katika visiwa vya Lamu bahari ndiyo barabara. Mtu wa Faza au wa Kizingitini mwenye haja mjini hana njia ila ya chombo. Naye atokaye bara hushuka Mokowe, akavuka maji ndipo aikanyage Lamu. Zamani safari hizo zote zilitegemea tanga na pondo. Siku hizi mashua na majahazi mengi yametiwa injini za dizeli. Faida yake ni kubwa, lakini injini imekuja na udhia wake. Tanga likipasuka, kila baharia ajua la kufanya. Injini ikikataa kuwaka, wengi huizungusha tu mpaka betri ikaisha nguvu, kisha wakabaki kutazamana.

Jambo hili si dogo. Chombo kitokacho Lamu kwenda Pate hupita Mkanda, ule mlango mwembamba ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, nao hupitika vema maji yakijaa. Injini ikipoteza saa mbili tatu, maji hupwa, na abiria hukwama kati ya mikoko. Na kama chomboni yumo mama mwenye uchungu wa kuzaa, anayepelekwa hospitali ya Lamu, saa hizo zaweza kuwa ndizo za uhai au za mauti. Basi yampasa kila nahodha ajue namna ya kuitafuta kasoro kwa taratibu.

Injini ya dizeli huwakaje?

Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu katika majaribio ya mwaka 1897, alitumia joto la hewa iliyobanwa. Aliyewahi kutia upepo gurudumu la baiskeli anaijua siri hii, maana bomba la pampu hupata joto mkononi. Ndani ya silinda, pistoni huibana hewa mpaka ikabaki kama sehemu moja ya 15 hadi ya 22 ya ukubwa wake wa kwanza, na joto lake hupita digrii 500 za sentigredi. Hapo nozeli hurusha dizeli kama ukungu, nayo hushika moto yenyewe.

Kwa hiyo mambo yanayotakiwa ni matatu: hewa ya kutosha, joto la kutosha, na dizeli safi inayofika kwa wakati wake. Injini isiyowaka imekosa mojawapo.

La kwanza: salama ya watu

Kabla ya kushika spana, nahodha na atie nanga, au atweke tanga ikiwa analo. Chombo kisichoshikwa huchukuliwa na mkondo, na katika msimu wa kusi hutupwa mwambani upesi. Abiria na wavae jaketi za kuokolea, wakae chini, wala mtu asivute sigara karibu na mafuta.

La pili: moshi hutoa habari

Izungushe injini kidogo, huku mtu mmoja akiutazama mdomo wa ekzosi. Ikiwa hautoki moshi hata kidogo, dizeli haifiki katika silinda. Ukitoka moshi mweupe wenye harufu kali ya mafuta, dizeli yafika, ila joto halitoshi. Ukitoka moshi mweusi mzito, huenda hewa imepungua. Litazame chujio la hewa, pengine limezibwa na vumbi au tambara.

La tatu: ikiwa dizeli haifiki

Anza na mambo mepesi. Je, tangi lina mafuta? Je, bilula ya tangi imefunguliwa? Je, kishikio cha kuzimia injini kimerudishwa mahali pake? Mafundi wengi wameitwa mbali, wakakuta kosa ni kishikio hicho tu. Tazama pia tundu la kupumulia la tangi. Likizibika, injini huwaka kidogo kisha hufa, kwa sababu mafuta hayawezi kushuka bila hewa kuingia nyuma yake.

Mambo hayo yakiwa sawa, shuku hewa iliyoingia katika mabomba. Hewa huingia tangi linapokauka, au nati inapolegea kwa mtikiso. Nayo huizuia injini kwa sababu hii: dizeli haibanwi, lakini hewa hubanwa. Nozeli nyingi hazifunguki ila kwa msukumo unaopita mara 100 ule wa hewa ituzungukayo. Pampu ikikuta povu, huliminya povu tu, na nozeli hukaa kimya.

Hewa hutolewa hivi. Legeza skrubu iliyo juu ya chujio la dizeli, kisha ipige pampu ndogo ya mkono. Patatoka povu, endelea mpaka yatoke mafuta matupu, kisha kaza skrubu yakiwa bado yanatoka. Fanya vivyo hivyo katika skrubu ya pampu kubwa. Ikiwa bado haiwaki, legeza kidogo nati za mabomba yaingiayo katika nozeli, izungushe injini mpaka mafuta yachuruzike, kisha uzikaze. Usiweke mkono wala uso mbele ya mafuta hayo, kwani dizeli yenye msukumo mkubwa hupenya ngozi na kuleta jeraha baya. Injini za namna mpya zinazoongozwa kwa kompyuta zisilegezwe nati hizo kabisa. Hiyo ni kazi ya fundi wake.

La nne: maji na taka

Maji ni adui mkubwa wa dizeli pwani. Huingia kwa mfuniko usiokaza, au kwa madumu yaliyooshwa yasikaushwe. Na tangi likilala nusu tupu, unyevu wa hewa hugeuka matone ndani yake. Ili kupima, toa mafuta kidogo chini ya chujio, uyatie katika chupa nyeupe, uyaache yatulie. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yatakaa chini na yataonekana. Ikiwa yapo, yamwage mpaka yatoke mafuta safi. Mahali yakutanapo maji na dizeli huota vijidudu vyenye utelezi, navyo huziba chujio. Chujio la namna hiyo halioshwi, hubadilishwa, kisha hewa hutolewa tena.

La tano: ikiwa joto halitoshi

Betri dhaifu huizungusha injini polepole, na joto la hewa hupotelea katika chuma kabla dizeli haijawaka. Safisha vichwa vya betri vilivyoota kutu ya chumvi, ukaze nyaya zake. Injini yenye plagi za kupasha joto ipewe nafasi ya kupata moto kwanza. Ile ya kuwashwa kwa hendeli izungushwe upesi kabla ya kurudisha kishikio cha kuachia hewa. Ikiwa yazunguka upesi na bado yatoa moshi mweupe, huenda ringi za pistoni au valvu zimechakaa, au nozeli zimeharibika. Hapo ni kazi ya gereji, si ya baharini.

Mambo ya kuepukwa

Usimwage petroli katika njia ya hewa ili kuilazimisha injini. Yaweza kulipuka na kumwunguza mtu, au kuvunja pistoni. Usiizungushe mfululizo, sekunde kumi zatosha, kisha ipumzike. Tena, injini ipozwayo kwa maji ya bahari yanayotokea kwenye ekzosi, ikizungushwa mno bila kuwaka, yaweza kunywa maji hayo na kuharibika kabisa.

Kinga

Nahodha mwenye akili hujaza tangi jioni, huchuja dizeli kwa faneli yenye wavu, hutoa maji ya chujio kila juma, na huchukua chujio la akiba, spana zake, kurunzi na chupa nyeupe. Huiwasha injini gatini kabla ya kupakia watu, wala haachi tanga lake nyumbani. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kazi hiyo ya jioni ni ya muda mfupi tu, na siku ya safari huenda ikamwokoa mgonjwa anayengojewa hospitalini.