Bima ya boti pekee haiilindi mali yako

Mwenye boti wa kisiwa cha Bwejuu, Mafia, akikata bima, mara nyingi anawaza chombo chake tu: mashine ikiibwa, ubavu ukipasuka mwambani, kusi likiivunja boti ufukweni. Hasara hiyo inauma, lakini haizidi thamani ya boti. Ya kuogopa zaidi ni ya abiria aliyekatwa mguu njiani kwenda Kilindoni, au mtalii aliyezama mlipokwenda kutazama papa potwe. Mahakama ikiona umekosea, haitauliza boti iliuzwa shilingi ngapi. Itauliza aliyeumia amepoteza nini.

Kama biashara ni yako binafsi, bila kampuni, deni la boti ni deni lako. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaikinga nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake isikamatwe kutekeleza hukumu. Haiikingi nyumba unayopangisha, boti ya pili wala akiba iliyoko benki. Kwa hiyo anza kwa kuandika kila ulicho nacho na thamani yake, ujumlishe. Jumla hiyo ndiyo itakayokuonyesha bima yako inapungua wapi.

Kisha fungua mkataba wako, utafute sehemu ya dhima kwa abiria na watu wengine. Pengine haimo kabisa, maana umelipia chombo tu. Ikiwamo, soma kikomo chake kwa makini: ni cha mtu mmoja, cha tukio moja, au cha mwaka mzima? Tuseme kikomo ni shilingi milioni 50 kwa tukio, na mahakama imewapa majeruhi wanne jumla ya milioni 90. Kampuni inalipa 50, na 40 zinazobaki zinatoka kwako. Uliza pia kama gharama za wakili zinakatwa ndani ya kikomo hicho hicho. Zikikatwa humo, fidia inapungua kabla majeruhi hajapata kitu.

Pengo hilo ndilo la kuzibwa na bima ya ziada. Marekani watu binafsi hununua tabaka la pili juu ya bima ya gari na nyumba, kwa kawaida kuanzia dola milioni 1. Wewe mwambie wakala au broka: nataka kikomo cha dhima kiongezwe, au nipate bima ya ziada itakayoanza kulipa pale ya kwanza inapokwisha. Linganisha bei za kampuni mbili tatu. Tabaka la juu huguswa mara chache, hivyo kwa kawaida kila milioni ya huko ni nafuu kuliko ya chini.

Lakini ya juu haikusaidii kama ya chini imeharibika. Boti uliyoikatia bima ya uvuvi ukipakia wageni, au ukizidisha abiria kuliko leseni inavyoruhusu, umeipa kampuni sababu ya kukataa. MV Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 200, kilikuwa kimezidisha abiria. Weka leseni hai, jaketi okozi kwa kila kichwa, na orodha ya majina inayobaki nchi kavu.

Kisiwani kuna swali moja ambalo wakala wa mjini huenda asilifikirie. Maji yakitoka, abiria huvuka kwa miguu, maji magotini, kikapu kichwani, na mashine pengine inanguruma. Je, bima inaanza pale anapoingia majini, au mpaka akanyage ndani ya boti? Jibu liwe kwa maandishi.

Ajali ikitokea, mpeleke majeruhi hospitali, kamtembelee, mpe pole. Huo ni utu na hakuna bima inayokukataza. Ila wazee wakikaa kusuluhisha, usitaje kiasi cha fidia wala kutia saini karatasi ya kukiri kosa kabla kampuni haijakubali. Ukiahidi peke yako, unaweza kuachiwa ulipe peke yako. Toa taarifa siku ile ile, na picha.

Kabla ya kulipa ada, hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Dai lako halali likikataliwa, peleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiwa na mkataba, risiti za ada na barua ya kampuni ya kukataa.