Kagua Chombo Chako Kabla ya Kukitia Majini

Ndugu msomaji, somo letu la mwezi huu si la mahindi wala la matuta. Ni somo la mashua. Usicheke, maana mashua chafu yaweza kukuharibia maji ya ng'ombe na ya shamba pia.

Mzee mmoja alifika ofisini kwetu na mkebe wa maji, na ndani yake mmea wenye ua zuri la zambarau. Alikuwa amenunua mashua kuukuu huko Naivasha ili avue samaki katika bwawa la Masinga, na mmea huo aliukuta umenasa chini ya ubao wa kukalia. "Kijana wangu," akaniuliza, "nataka kuupanda katika silanga yangu. Mmea mmoja utadhuru nini?"

Nikamjibu, "Mzee, tuhesabu pamoja." Gugu maji likipata joto na maji yenye rutuba huweza kuongezeka maradufu kwa majuma mawili. Basi mmea 1 huwa 2, kisha 4, kisha 8. Baada ya majuma 20 ni 1,024. Mzee akanyamaza, akauweka mkebe chini.

Asili ya gugu hili ni Amerika ya Kusini. Lilionekana Naivasha mwaka 1988, na katika miaka ya 1990 lilifunika sehemu kubwa za Ghuba ya Winam katika Ziwa Viktoria. Mitumbwi ilikwama. Chini ya majani yake maji hukosa hewa, samaki hufa, na konokono wa kichocho hupata makao. Mwaka 1997 fukusi wanaolila walifunguliwa upande wa Kenya. Walisaidia sana, lakini gugu halikwisha.

Sasa fikiri habari za Masinga. Bwawa hili lilikamilika mwaka 1981, nalo ndilo la juu katika safu ya mabwawa makubwa ya umeme ya mto Tana. Chini yake yapo Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kinachoingia kwetu chaweza kuelea hadi kwa jirani.

Wengine wamekwisha jifunza. Huko Marekani, kome wadogo wageni walionekana katika bwawa la Lake Mead mwaka 2007. Mwaka uliofuata, ukaguzi wa mashua zenye injini ukawa lazima katika Ziwa Tahoe kabla hazijateremshwa majini.

Nawe, kila utokapo ziwa au bwawa moja kwenda jingine, shika kanuni hizi:

1. Kagua. Tazama chini ya chombo, nyuzi za wavu, kamba, nanga, na panga la injini. Kama kilibebwa kwa gari, tazama magurudumu pia.

2. Safisha. Ondoa kila jani na mzizi, kisha osha tope lote. Mbegu za gugu maji huweza kuishi katika tope miaka mingi, hata 15.

3. Mwaga. Maji ya ndani ya chombo na ya ndoo za samaki yamwagwe nchi kavu, mahali yasipoweza kurudi bwawani.

4. Kausha. Anika chombo na wavu juani siku tano.

5. Toa habari. Ukiliona gugu geni, mwarifu ofisa wa uvuvi au Bwana Shamba siku ile ile. Mimea michache hung'olewa kwa mkono. Ekari nzima haing'oleki hivyo.

Yule mzee aliutandaza mmea wake juu ya jiwe hadi ukakauka kama tumbaku, akauchoma. Kisha akarudi kuiosha mashua. Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende.

Maswali ya kujipima:
(a) Kwa nini kuondoa majani tu hakutoshi?
(b) Mimea 3 itakuwa mingapi baada ya majuma 8?

Jibu la (b) ni 48. Kama umekosa, hesabu tena pamoja na watoto wako.