Mbwa wa boma anaharisha: angalia chungu chake kabla ya kukimbilia vidonge

Somo la leo si la ng'ombe wala kuku, ni la mbwa. Najua wapo watakaocheka, lakini piga hesabu kwanza. Una kuku wa mayai 500 pale Bariadi, au mbuzi wa kunenepesha kule Meatu ambako fisi hapigi hodi. Usiku analinda nani? Mbwa akilala na tumbo, banda lako liko wazi.

Nianze na mambo mawili yaliyonikuta, maana ndiyo yaliyonifanya niandike somo hili.

La kwanza. Kijana mmoja mfugaji alinipigia simu. "Shikamoo bwana mifugo. Mbwa wangu anaharisha wiki ya pili sasa. Nimempa Flagyl, nimempa na ile dawa ya kuhara ya kuku, hakuna kitu." Nikamuuliza anakula nini. "Makombo tu, kama siku zote." Nilipofika nikaomba kuona chungu. Ndani kulikuwa na pumba za mahindi zilizochemshwa nusunusu, vichwa vya dagaa vyenye mchanga, na juu yake konzi ya mashudu ya pamba yaliyobaki kwa madume ya kunenepesha. "Nimeongeza mashudu apate protini," akasema. Mbwa mwenyewe alikuwa mchangamfu, anakunywa maji, anatingisha mkia. Tukabadilisha chakula, tukaacha vidonge vyote. Siku ya nne kinyesi kikakaza.

La pili linaniuma. Jirani yake aliisikia habari hiyo. Kitoto chake cha mbwa cha miezi 3 kilipoanza kutapika na kuharisha, naye akapika wali na kuku, akasubiri. Hakikuwa kimechanjwa. Siku ya pili kuhara kukawa na damu na harufu kali, siku ya tatu kikafa. Dalili zote zilikuwa za parvo. Yule wa kwanza nilimfundisha wali, sikumfundisha ni lini wali hautoshi. Yaani nilitoa nusu ya somo. Leo natoa lote, na naanza na ile nusu iliyokosekana.

HATUA YA 1: Je, hili ni tumbo la chakula?

Kuhara ni dalili, si ugonjwa. Chakula kitatibu kuhara kulikoletwa na chakula tu. Ukiona hata moja kati ya haya, usipike chochote, tafuta daktari wa mifugo siku hiyohiyo:

- Ni mtoto wa mbwa chini ya miezi 6, hasa ambaye hajachanjwa.
- Kuna damu kwenye kinyesi, au kinyesi ni cheusi kama lami.
- Anatapika mara kwa mara, hata maji hayakai.
- Amelegea, hataki kuamka. Vuta ngozi ya mgongoni kisha uiachie. Isiporudi haraka, ameishiwa maji.
- Fizi zimepauka, au macho na fizi vina umanjano.
- Anatokwa mate mengi na kutetemeka, hasa msimu wa kupulizia pamba. Huenda ameramba dawa ya wadudu au kopo lake.
- Anatokwa makamasi na matongo, anakohoa na kuharisha kwa pamoja. Hiyo yaweza kuwa distempa.

Distempa si hadithi ya mbali kwetu. Mwaka 1994 iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi walihusishwa na virusi hivyo. Sisi wa Bariadi, Itilima, Meatu na Busega ndio majirani wa hifadhi. Chanjo ya mbwa wako inamlinda yeye, na inalinda wanyama wanaotuletea wageni.

Na hili lisikie vizuri: mbwa anayedondosha mate, anayeshindwa kumeza, aliyebadilika tabia, USITIE mkono mdomoni ukidhani amekwama mfupa. Yaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mfungie mahali bila kumshika, toa taarifa. Akimuuma mtu au mate yake yakiingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya mara moja. Usisubiri dalili, kwa sababu dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Kama mbwa ni mkubwa, amechanjwa, mchangamfu, anakunywa maji, na kuhara hakujavuka siku 2, basi endelea na hatua ya 2.

HATUA YA 2: Tafuta mharibifu kwenye chungu

Kwetu huku nimekuta hawa mara nyingi:

Pumba na unga uliovunda. Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi. Mbwa huumia haraka kwa sumu hii: anakataa chakula, anatapika, anakuwa wa manjano kwa sababu ini linakufa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mahindi uliyoyatenga kwa kuwa hayafai kwa watoto wako, usiseme "mpe mbwa". Vivyo hivyo michembe yenye ukungu.

Mashudu ya pamba. Pamba ndiyo mali yetu, mashudu yanapatikana kila kona. Lakini mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli. Ng'ombe mkubwa anaivumilia kwa kiasi kwa sababu ya tumbo lake lenye vyumba vinne. Mbwa hana tumbo hilo. Sumu inajikusanya wiki hadi wiki, inashambulia moyo, na siku moja unamkuta anahema kwa shida bila kujua chanzo. Mbwa asipewe kabisa.

Maziwa mabichi mengi. Mbwa wengi wakubwa hawana uwezo wa kusaga sukari ya maziwa. Kikombe kimoja tu kinatosha kumharisha.

Mafuta mengi baada ya sherehe. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, nayo inapasuka vipande vikali na kuchoma utumbo. Vitunguu maji na vitunguu saumu vinaharibu damu ya mbwa, kwa hiyo mchuzi wa nyumbani si salama.

Maini na mapafu mabichi kutoka machinjioni. Yakiwa na vifuko vya maji ndani, hiyo ni hatari: mbwa anapata tegu, na kupitia kinyesi chake watu wa nyumbani wanapata vifuko hivyohivyo kwenye ini na mapafu yao. Choma moto au fukia kwa kina. Matumbo mengine chemsha angalau nusu saa.

Halafu minyoo. Kama hujui mara ya mwisho kumpa dawa ya minyoo ni lini, hilo ni jibu tayari. Mbwa mkubwa apewe kila miezi 3, kwa dawa ya mbwa na kwa uzito wake. Usimkadirie dawa ya ng'ombe.

HATUA YA 3: Siku tatu za kutuliza tumbo

Vipimo hivi ni vya mbwa wetu wa kawaida, kilo 15 hivi.

1. Pumzisha tumbo saa 12 kwa mbwa mkubwa tu, yaani usiku mmoja. Mtoto wa mbwa hafungishwi.

2. Maji yasikosekane. Tengeneza maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, sukari vijiko vya chai 6 vya kufuta, chumvi nusu kijiko cha chai. Mpe vijiko vichache kila nusu saa, na maji matupu yawe pembeni. Usimimine kwa nguvu mdomoni, yataingia mapafuni.

3. Pika wali laini vikombe 2 na nyama ya kuku isiyo na ngozi wala mfupa kikombe 1. Samaki mweupe asiye na miiba ni sawa pia. Hakuna chumvi, hakuna mafuta, hakuna kitunguu. Hivyo vikombe 3 ni vya siku nzima, gawa milo 4 midogo.

4. Kinyesi kikishakaza, usirudi ghafla kwenye chakula cha zamani. Siku 2 za kwanza robo iwe chakula cha kawaida, siku 2 zinazofuata nusu, kisha robo tatu, siku ya 7 chakula kamili.

Kama baada ya siku 2 hakuna nafuu, au ikijitokeza dalili ya hatua ya 1, acha kupika, nenda kwa daktari. Hapo ndipo jirani yetu alipokwama.

HATUA YA 4: Virutubisho, vipi vinasaidia na vipi ni kupoteza pesa

Boga lililochemshwa na kupondwa: kijiko 1 au 2 vya chakula kwa mlo. Nyuzinyuzi zake laini zinanyonya maji kwenye utumbo, na mbwa aliyefunga choo pia zinamsaidia. Halina gharama, liko shambani. Kiazi kitamu kilichochemshwa kinaweza kushika nafasi hiyo.

Mtindi usio na sukari: kijiko 1 au 2 kwa siku baada ya kuhara kupungua. Una bakteria wazuri na sukari ya maziwa imepungua. Ukiona kuhara kunarudi, acha. Bakteria wa pakiti wa mbwa wapo mijini, wanaweza kusaidia kidogo, lakini mbwa asiye na tatizo kubwa atapona bila hao.

Vitamini za kuku za kuchanganya kwenye maji: hazikutengenezwa kwa mbwa, weka pesa yako. Dawa za kuua bakteria kwa kuhara kwa kawaida: hazihitajiki, tena zinaua na bakteria wazuri. Na dawa zetu za maumivu, diklofenaki, ibuprofeni na parasetamoli, usimpe mbwa. Zinaweza kumtoboa tumbo, au kumharibu ini na figo.

HATUA YA 5: Chakula cha kila siku ili tumbo lisirudie

Wali na kuku ni chakula cha mgonjwa. Akikila miezi atakosa madini, hasa chokaa ya mifupa. Mimi huanzia hapa kwa mbwa wa kilo 15 anayefanya kazi: unga safi wa mahindi gramu 200 uliopikwa ukaiva vizuri, dagaa wakavu gramu 70, mafuta ya kupikia kijiko 1 cha chakula, na mboga kidogo. Dagaa wa ziwa wanaopatikana Lamadi wanafaa sana kwa sababu mbwa anawala na mifupa yao, na mifupa hiyo ndiyo chokaa. Ila waoshe mara mbili, mchanga utoke. Gawa asubuhi na jioni, saa zilezile. Pima kwa mbavu: uziguse kwa urahisi, lakini usizione kwa mbali. Akikonda ongeza, akinenepa punguza.

Pumba zenyewe hazimuui mbwa zikiwa safi, lakini hazimlishi. Zinapita tu, anatoa kinyesi kingi huku anabaki na njaa, kisha anakwenda kutafuta jalalani. Huko ndiko tumbo linakoharibikia. Ukibana gramu 70 za dagaa, utalipa kwa kuku walioibwa.

KAZI YA WIKI HII

Fanya mambo matatu. Fungua chungu cha mbwa wako uone kilichomo. Andika kwenye daftari la shamba, palepale unapoandika chanjo za kuku, tarehe ya mwisho ya dawa ya minyoo na chanjo za mbwa: kichaa, distempa na parvo. Kisha hifadhi kwenye simu namba ya daktari wa mifugo wa kata yako, leo, kabla hujaihitaji saa 8 usiku.

Na ukimfundisha jirani habari ya wali na boga, tafadhali anza na hatua ya 1.