KALIPA YA KUSHOTO NA KALIPA YA KULIA

Wengi wetu hupanda matatu kila siku kutoka Kangemi, Uthiru na Kawangware, lakini ni wachache waliowahi kujiuliza gari lile husimama vipi. Kwenye magurudumu yenye diski, kazi hiyo ni ya kalipa. Dereva akikanyaga breki, mafuta husukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa, nayo pistoni huzibana pedi kwenye diski inayozunguka na gurudumu. Akiachilia, pistoni hurudi kidogo tu.

Pistoni ikiingia kutu hairudi. Pedi husugua safari nzima, gurudumu huwa moto na gari huvuta upande mmoja. Mafundi husema kalipa imejamu.

Likizo ya Agosti iliyopita nilimsaidia mjomba wangu, fundi wa jua kali kule Kawangware. Gari moja lilikuwa limejamu kalipa ya mbele kushoto. Mjomba akanituma mjini, Kirinyaga Road, ambako watu bado huita Grogan, nikanunue nyingine. Aliniambia nibebe ile kuukuu ya kulinganishia. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikaiacha kwa sababu ni nzito.

Niliporudi, gari lilikuwa juu ya stendi. (Mjomba haamini jeki peke yake hata kwa kazi ya dakika tano.) Alifungua mpira wa breki na bolti mbili, akatoa kalipa mbovu, akafunga mpya kwa washa mpya za shaba. Bolti zilikubali bila shida.

Sasa tukaanza kutoa hewa, maana mpira ukifunguliwa hewa huingia. Mafuta hayabonyei lakini hewa hubonyea, na breki yenye hewa huzama kama godoro. Mimi nilikanyaga na kushikilia. Mjomba akafungua skrubu ndogo ya kutolea hewa, kisha akaifunga kabla sijaachilia. Tena na tena, huku tukiongeza mafuta juu yasiishe. Wapi! Karibu saa nzima, na pedali bado yazama. Mwenye gari alikuwa na haraka ya kwenda Westlands, akasema ataendesha hivyo hivyo polepole. Mjomba akautia ufunguo mfukoni.

Kisha akainama na kuniita. "Hebu tazama hii skrubu iko wapi."

Ilikuwa chini.

"Na hewa hukaa wapi?"

Juu, nikajibu, na nikaelewa. Nilikuwa nimenunua kalipa ya kulia. Kwa magari mengi kalipa ya upande mwingine huingia vizuri kabisa, lakini skrubu hutazama chini, na hewa iliyo juu haitoki hata ukanyage mpaka usiku.

Nilipanda tena matatu namba 46 kwenda mjini, safari hii na kalipa mbili mapajani. Mwenye duka akanibadilishia. Jioni, baada ya kukanyaga mara chache tu, pedali ikawa ngumu. Mjomba akaliendesha gari uani polepole, akafunga breki mara tatu, ndipo akampa mwenyewe ufunguo.